Kwa Nini Wagonjwa Hutafuta Dawa za Miti Shamba

Itaka ni mahali katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Huko, kama mahali pengi katika Tanzania, mtu akishikwa na ugonjwa huona njia mbili mbele yake: moja yaenda zahanati, nyingine yaenda kwa mganga wa miti shamba. Wengine huzifuata zote mbili. Si vema kuwaita wajinga kabla ya kuzijua sababu zao.

Sababu ya kwanza ni ukaribu. Mganga ni jirani, na mara nyingi hukubali kulipwa kidogo kidogo, hata kwa kuku. Ya pili ni mazungumzo. Mganga huketi na mgonjwa na kumwuliza habari za nyumbani kwake, kwa lugha ya mama yake. Daktari mwenye wagonjwa wengi mlangoni hana nafasi hiyo. Ya tatu ni kwamba miti mingine ina dawa kweli. Kwinini ilitoka katika gome la sinkona, mti wa Amerika ya Kusini. Na dawa mseto ya malaria ina asili yake katika mmea uliotumiwa na waganga wa China.

Sababu ya nne yazipita zote, nayo ni tumaini. Nguvu yake ilionekana mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Maelfu ya watu walikwenda huko kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500 tu. Wengi walikuwa na kisukari au UKIMWI, magonjwa ambayo hospitali huyatuliza bila kuyaondoa. Nani asingefurahi kuambiwa kwamba kikombe kimoja chatosha? Lakini wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa za hospitali wakazidiwa. Wala haikuthibitika kwamba kikombe kile kiliondoa magonjwa hayo.

Basi, tumaini ni jema, lakini halipimi dawa. Kwinini haikuaminiwa kwa sababu ni ya kale, bali kwa sababu ilijaribiwa, na kiasi cha kunywa kikajulikana. Kwa hiyo mgonjwa anywaye dawa ya miti na amwambie daktari, wala asiache dawa ya hospitali bila shauri lake. Maana dawa mbili zaweza kugombana ndani ya mwili mmoja.