Majina ya Ardhi Yenye Maji

Mwenye kununua kiwanja wakati wa kiangazi huona mchanga mkavu na majani mafupi. Ifikapo masika, baina ya Machi na Mei, ndipo ardhi inapomtajia jina lake. Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kungoja mvua. Jina walikuwa nalo tayari, wala halikuwa moja.

Tope twalijua sote. Kutokana nalo tumepata kutopea, yaani kuzama matopeni hata mguu usichomoke kwa wepesi, na ndiyo maana husemwa kuwa mtu ametopea katika madeni. Dimbwi ni maji yaliyotuama baada ya mvua, nayo huondoka na jua. Bwawa ni jingine: maji yake hukaa, na kandokando yake ardhi ni laini. Siku hizi neno hili limechukuliwa na mitambo ya umeme na mahodhi ya kuogelea, hata watoto wetu hawadhani kwamba bwawa laweza kuwapo bila ya kujengwa. Chepechepe ni hali, ya nguo iliyorowa na ya ardhi iliyoshiba maji. Kinamasi ni utelezi kama ule wa bamia, na leo shuleni na magazetini huitwa hivyo maeneo kama Yala. Ardhi oevu ni istilahi ya ofisini, ya wenye kuzungumzia mkataba uliotiwa sahihi mjini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, ambao Delta ya Mto Tana iliingizwa katika orodha yake mwaka 2012.

Lililotupendeza zaidi ni tingatinga. Kamusi hulitaja kuwa ni ardhi ya majimaji, na pia daraja linalotikisika. Kwetu sisi maana hizo zakaribiana, kwani kote kuwili mtu akikanyaga, chini hapatulii. Leo tingatinga ni mashine, na mara nyingi ndiyo inayoletwa kuifukia tingatinga ya kwanza.

Hapo ndipo maneno yanapoingia katika mali na haki za watu. Mabonde yaliyolimwa mpunga hukatwa viwanja, jina la kale likaachwa, na jipya la kupendeza likabandikwa. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hakuuweka juu watu wauone, na akaambiwa kwamba mwenye kughushi hayumo katika watu wa Mtume. Nasi twauliza: kiwanja kilichomwagiwa kifusi juu ya bwawa kina tofauti gani na rundo lile?

Kwa jamaa wanaokusanya akiba ya nyumba, mtafuteni bibi aliyepanda mpunga upande huo, mumwulize pakiitwaje. Mombasa bado majina husema: Ziwa la Ng'ombe, Bondeni, na kinyume chake Maweni. Jina peke yake si ushahidi kamili, basi tazameni pia kama pameota matete na ndago, kama kuta za majirani zina alama za maji, na kama vyoo vyao vya shimo hujaa kwa chini wakati wa mvua. Kiwanja kitazamwe mara mbili, kiangazi na tena mwezi wa Mei, kabla ya kutia sahihi mbele ya wakili.