Kolwezi kuna kazi?

Bandugu, ulizo moja linarudi kila juma mu kikundi yetu ya promo: "Kolwezi kuna kazi?" Na mie niliuliza vile vile nilipomaliza lisanse ya kilimo. Nikaenda. Lakini tuanze na ulizo lingine: juu ya nini kazi iko kule, haiko Kaniama?

Kiwanda hakichagui mahali kwa kupenda. Mwaka 1909 Mjerumani Alfred Weber alieleza kwamba kinafuata uzito. Chukua tani 100 za mawe yenye shaba 4 kwa mia: shaba ni tani 4, zile 96 ni udongo. Nani atalipa treni ya kubeba udongo mpaka baharini? Unayeyusha karibu na mgodi. Njo vile Lubumbashi ilizaliwa 1910: mgodi wa Étoile ulikuwa pale karibu, na reli ya kusini ilifika mwaka ule ule, ikileta makaa ya Wankie. Mwaka 1911 tanuru likawaka. Kisha umeme wa maji ukaingia: Mwadingusha upande wa Likasi, halafu Nzilo na Nseke upande wa Kolwezi. Kazi ikafuata umeme na mawe mapya, ikahamia magharibi polepole.

Kampuni ya zamani ilikuwa pia inalisha watu. Wazee walisema kazi njo baba, njo mama: nyumba, hospitali, masomo, bunga. Mpaka leo Jumamosi tunaiita siku ya posho. Sasa bunga inataka mahindi, na mahindi yanataka njia. Reli iliyofika Ilebo 1928 ilipita Kamina, Kaniama, Mwene-Ditu. Mkulima aliyekaa karibu na stesheni alikuwa na soko. Mu oditware tulifundishwa kama vile mahindi yanaota kwa mbolea tu. Yanaota kwa treni pia.

Miaka ya katikati ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na kufika 1994 zilibaki karibu tani 30,000. Mwaka 2003 watumishi karibu 10,000 wakatoka kwa ile inaitwa "kuondoka kwa hiari" (hiari gani, bwana!). Treni ikikosa shaba, inakosa franga za kutengeneza reli, na gunia la mahindi linaozea kijijini. Mtu wa Kaniama hakufukuzwa kazi na mutu yeyote, lakini naye alipoteza. Mjini tukazoea kungoja bunga ya Zambia ipite Kasumbalesa. Wakifunga mpaka, bei inapanda palepale.

Shaba imerudi sasa: 2023 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 2. Mahindi hayakurudi nayo. Kiwanda cha leo kinataka mashine nyingi na watu wachache, na vitu vingi kinavyotumia vinakuja na kamyo kutoka mbali. Albert Hirschman alieleza jambo hili 1958: kiwanda kinakuza eneo kikinunua pale pale, ao watu wa pale wakitengeneza kitu na kile kinachotoka. Kwetu shaba inapita mbele ya shamba, inaenda zake, na waya tunanunua dukani.

Niliona hiyo kwa macho. Kampuni moja, jina nitaliacha, ilinichukua miezi minane kusaidia wakulima wauzie kantini yake kabeji. Kabeji ilitoka nzuri. Kantini ikataka kilo zile zile kila siku ya kwanza, fakture, na malipo baada ya siku 60. Mama mwenye kujazi tatu atangoje siku 60 akila nini? Wakaendelea kuagiza nje, kontra yangu ikaisha.

Kodi ya Madini ya 2018 inaweka 0,3 kwa mia ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya watu wa pale, na 15 kwa mia ya mrabaha kwa miji, sekta na sheferi. Ningependa franga zile zilipe wakulima siku ya kupeleka kabeji, kampuni irudishe baada ya siku 60. Bango la forage tunazo za kutosha.

Basi, Kolwezi kuna kazi? Iko, zaidi kwa batu ya umeme, mekanike na kemia. Sisi ba-agronome tunaingia kwa mlango mdogo. Mie nimerudi Likasi. Udongo wetu una asidi nyingi, unataka chokaa, na chokaa ya Kakontwe iko hapa mlangoni. Siku ya posho naenda kuuliza bei ya kamyo moja. Mwenye kuwa na shamba njia ya Kambove aniandikie, tugawane usafiri.