Mitambo ya Meli za Watalii Hukaa Wapi?

Mtu atazamapo meli kubwa ya watalii huona madirisha safu juu ya safu, na dohani juu kabisa. Pengine hudhani ya kuwa mitambo imo papo hapo chini ya dohani. Sivyo. Mitambo imo chini sana, karibu na mkuku, mahali abiria wasipofika kamwe.

Sababu ya kwanza ni uzito. Mabaharia wetu wa pwani wajua ya kuwa jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi lisije likapinduka. Meli yenye orofa kumi na zaidi ina haja hiyo hiyo, na injini zake nzito za dizeli huisaidia kama farumi. Katika meli iitwayo Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, injini nne za dizeli zimo chini, bali mitambo mingine miwili, iliyo myepesi na yenye kutaka hewa nyingi, iliwekwa juu karibu na dohani. Mitambo hiyo haizungushi rafadha. Hufanya umeme, nao hupita katika nyaya mpaka kwenye mota zilizo chini ya tezi. Umeme huo huo ndio uwashao taa, upikao chakula na usukumao maji ya vyoo. Basi ukikatika, yote hukoma.

Na huku chini kuna hatari yake. Usiku wa tarehe 13 Januari, 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Ubavu wa kushoto ulipasuka, maji yakajaa vyumba vya mitambo, umeme ukakatika, na meli ikachukuliwa na upepo. Watu 32 walikufa. Februari 2013, Carnival Triumph ilishika moto katika chumba cha mitambo cha nyuma, katika Ghuba ya Meksiko. Hakufa mtu, lakini watu zaidi ya 4,000 walikaa siku kadhaa katika uchafu, mpaka meli ikavutwa hata Mobile, Marekani.

Sheria ya mataifa yataka meli kubwa za abiria zilizojengwa tangu tarehe 1 Julai, 2010, ziweze kurudi bandarini kwa nguvu zao wenyewe, hata chumba kimoja cha mitambo kikiungua au kujaa maji. Kwa hiyo mitambo hugawanywa katika vyumba viwili, na ukuta imara katikati. Meli hizo mbili zilijengwa kabla ya hapo. Tena kwa Costa Concordia, iliyojaa maji vyumba kadhaa kwa pamoja, twaona hata sheria hiyo isingalitosha.