Flanja ya gitaa: jinsi ya kuichagua na kuitumia

Kwa wanamuziki wengi wa eneo la Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, safari ya kutafuta ala huishia Wheaton. Ni mji mdogo ulioko kaskazini mwa Silver Spring, kwenye njia nyekundu ya treni ya Metro, na abiria anayeshuka hapo hupandishwa juu na ngazi ya umeme yenye urefu wa mita 70. Huko ndiko liliko duka la Chuck Levin, ambalo jina lake rasmi ni Washington Music Center. Lilianzishwa mwaka 1958 katika mtaa wa H, ndani ya jiji la Washington, likaharibiwa katika ghasia zilizofuata kuuawa kwa Dakta Martin Luther King mwezi Aprili 1968, na baada ya hapo biashara ikaendelea Wheaton.

Mpiga gitaa anayeingia katika duka la aina hiyo hukutana na safu ndefu ya pedali, vile visanduku vya chuma vinavyokanyagwa kwa mguu ili kubadili sauti ya gitaa. Miongoni mwake, flanja ndiyo inayonunuliwa kwa haraka na kujutiwa upesi. Dukani, mtu akiwa peke yake, inavutia mno: gitaa hutoa mvumo unaopanda na kushuka mithili ya ndege ya jeti inayopita juu ya paa. Jumamosi usiku, bendi nzima ikipiga, mvumo uleule hulimeza gitaa na wachezaji hawalisikii tena. Flanja mpya ya kawaida hugharimu kati ya dola 100 na 200, na juu yake huongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 6 ya jimbo la Maryland. Kwa mtu anayepiga muziki mwisho wa wiki baada ya kazi nyingine, hiyo yaweza kuwa zaidi ya malipo ya usiku mzima jukwaani.

Jambo hili linawahusu hasa wapigaji wa muziki wa Afrika Mashariki na Kongo, ambao mtindo wao hutegemea magitaa mawili au matatu yanayojibizana. Washington inaufahamu muziki huo. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi aliyeiunda Orchestra Virunga mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, alihamia Marekani na kuweka makao yake katika eneo hili. Katika bendi za mtindo huo solo hupita juu, mi-solo hukaa kati, ridhimu hushikilia chini yake, na besi hubeba nyumba yote. Kila gitaa lina nafasi yake. Flanja isiyotumiwa vizuri hulitoa gitaa katika nafasi hiyo.

Sauti mbili zinazogombana

Flanja ilizaliwa studio kabla haijawa pedali. Mafundi walirekodi sauti moja katika mashine mbili za kanda, wakazipiga kwa pamoja, kisha wakachelewesha moja kidogo, kwa mfano kwa kugusa kwa kidole ukingo wa gurudumu la kanda. Jina la flanja linahusishwa na neno la Kiingereza la ukingo huo. Mwaka 1959 wimbo "The Big Hurt" wa Toni Fisher ulifikisha sauti hiyo redioni, na mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za EMI katika barabara ya Abbey mjini London, alibuni njia ya kurudufisha sauti kwa kanda iliyotumiwa sana na Beatles.

Pedali hufanya kazi hiyohiyo kwa umeme. Sauti ya gitaa hugawanywa mara mbili. Nusu moja hupita moja kwa moja, ya pili hucheleweshwa kwa muda mfupi sana, takriban milisekunde 1 hadi 10, kisha zote mbili huunganishwa tena. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo sikio halisikii mwangwi. Linalosikika ni ugomvi. Pale ambapo wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, mawimbi hayo hufutana na shimo hutokea katika sauti.

Hesabu yake si ngumu. Sauti ikicheleweshwa kwa milisekunde 1, shimo la kwanza huwa kwenye hezi 500, linalofuata 1,500, kisha 2,500, na kuendelea, kwa mpangilio kama meno ya chanuo. Ikicheleweshwa kwa milisekunde 5, shimo la kwanza hushuka hadi hezi 100, na mengine huwa 300, 500 na 700. Pedali hubadilisha muda huo polepole bila kukoma, na chanuo lote hutembea juu na chini. Hapo ndipo mvumo wa jeti unapotoka. Korasi, ndugu yake flanja, huchelewesha kwa muda mrefu zaidi na kwa hiyo hutoa sauti ya magitaa mawili badala ya mvumo. Fesa, yule ndugu mwingine, ana mashimo machache tu, nayo hayakupangika kama meno ya chanuo.

Flanja ikiitwa ya analogi maana yake ni kwamba ucheleweshaji haufanywi kwa tarakimu za kompyuta. Hufanywa na chipu iliyotokana na wazo la wahandisi Sangster na Teer wa maabara za Philips, mwaka 1969. Ndani yake mna safu ya vihifadhi vidogo vya umeme, mara nyingi 1,024, vinavyopokezana sauti kama wanakijiji waliojipanga kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, kila mmoja akimpa mwenzake ndoo. Wakipokezana haraka, maji hufika mapema; wakizubaa, huchelewa. Na kama ilivyo kwa ndoo, kila mkono humwaga kidogo. Ukali wa juu hupungua na mchakacho huongezeka. Wapenzi wa analogi huita upungufu huo uvuguvugu, na kwa gitaa la ridhimu lenye nyuzi kali wana haki ya kuusifu.

Miongoni mwa pedali zilizoitangaza sauti hiyo ni Electric Mistress ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York, iliyotoka mwaka 1976. Mbunifu wake alikuwa Mwingereza David Cockerell, na mtumiaji wake mashuhuri ni Andy Summers wa kundi la The Police. MXR ilitoa flanja yake katika miaka hiyohiyo. Boss ya Japani ilileta BF-2 mwaka 1980 na kuitengeneza kwa takriban miaka 20, ndiyo maana hadi leo inapatikana kwa urahisi ikiwa imetumika. BF-3 iliyoifuata ni ya dijitali. Si mbaya, lakini anayetafuta analogi asiuziwe kwa kufanana kwa jina.

Vitufe vinne

Flanja nyingi zina vitufe vinne vya kuzungusha, ingawa majina hutofautiana. Kilichoandikwa Rate huamua kasi ya mzunguko. Depth huamua umbali ambao chanuo litatembea. Manual huweka mahali pa kuanzia, yaani urefu wa ucheleweshaji wenyewe. Cha nne, kiitwacho Resonance, Feedback au Color, hurudisha mwanzoni sehemu ya sauti iliyocheleweshwa ili izunguke tena. Kikipandishwa sana, pedali hupiga mluzi wa chuma.

Kosa la kawaida ni kuanza na Resonance, kwa kuwa ndicho kinachosikika kwanza. Heri kianzie chini kabisa. Depth iwekwe nusu au pungufu, kisha muda utumike kwenye Rate. Chukua wimbo wa mapigo 130 kwa dakika. Kipande cha mapigo 16 humalizika kwa muda wa sekunde saba na ushee. Mzunguko wa flanja ukiwekwa karibu na muda huo, hupanda na kushuka mara moja katika kila kipande, na msikilizaji huuhisi kama pumzi ya wimbo. Ukizidi kasi, hugombana na ngoma. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza dukani si jinsi pedali inavyonguruma, bali jinsi inavyoweza kwenda polepole. Baadhi ya pedali za bei nafuu haziwezi.

Katika bendi ya magitaa matatu, flanja iwe kwa gitaa moja tu kwa wakati mmoja. Mi-solo na ridhimu yakizungushwa pamoja, kila moja kwa kasi yake, mashimo hupishana ovyo na ule mfumano wa nyuzi, ambao ndio utamu wa muziki wenyewe, hupotea. Ridhimu ndilo lifaalo zaidi, kwa sababu hurudia mkong'oto uleule kwa muda mrefu na huhitaji kitu cha kulipa uhai. Solo la sebene lina mwendo wa kutosha bila msaada.

Tena sebene halimpi mtu nafasi ya kuinama. Washington ina muziki wake wenye tabia hiyo, go-go wa Chuck Brown, uliotangazwa kuwa muziki rasmi wa jiji mwaka 2020. Humo ngoma huunganisha wimbo na wimbo bila kusimama, na anayetegemea kugeuza vitufe kati ya nyimbo atasubiri hadi alfajiri. Vitufe hupangwa mapema, na alama ya kalamu au kipande cha utepe huonyesha mahali pake.

Kuhusu mpangilio wa pedali, flanja ikiwekwa baada ya pedali ya kukwaruza sauti hupata mawimbi mengi ya kuchonga na hutoa mvumo mkubwa. Ikiwekwa kabla, huwa ya upole. Mwangwi huja mwishoni.

Besi na hatari yake

Kwenye besi makosa huwa ghali zaidi. Uzi wa chini kabisa wa besi ya nyuzi nne, ukiachwa wazi, hutoa hezi 41, na unaofuata 55. Tumeona kwamba ucheleweshaji wa milisekunde 5 hutoboa shimo kwenye hezi 100, karibu kabisa na sauti ya uzi mwembamba wa besi, ambayo ni 98. Ukifika milisekunde 9, shimo huangukia kwenye 55. Kwa hiyo kadiri Manual inavyovutwa kuelekea ucheleweshaji mrefu ndivyo noti nzima zinavyopungukiwa na mzizi, na si kwa usawa: moja hutoka nzito, inayofuata hutoka tupu. Mcheza dansi hajui kilichotokea, ila miguu yake inajua.

Katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika besi ya Tom Malanga ndiyo inayouendesha wimbo. Besi ya namna hiyo haivumilii matundu. Anayetaka flanja kwenye besi aweke Manual upande wa ucheleweshaji mfupi, Depth ndogo, na atumie pale tu besi inapobaki na wenzake wachache. Aziepuke pedali zinazogeuza wimbi la pili juu chini, maana hizo hufuta sauti nzito tangu mwanzo. Suluhisho bora ni flanja inayoacha sauti za chini zipite bila kuguswa, au kisanduku cha kuchanganya kinachorudisha besi halisi kando ya ile iliyozungushwa. Boss iliwahi kutengeneza BF-2B kwa ajili ya besi, na huonekana mara chache katika maduka ya vitu vilivyotumika.

Kujaribu kabla ya kulipa

Mnunuzi aende na gitaa lake, aombe amplifaya isiyokwaruza, na apige mkong'oto wake wa kila wiki, si ule wa kumvutia muuzaji. Aikanyage pedali mara kadhaa na kusikiliza kama sauti inashuka inapowashwa. Kisha anyamaze, Resonance ikiwa juu, asikilize mchakacho: mchakacho kidogo ni wa kawaida, lakini mdundo mdogo unaofuata mzunguko ni dalili ya kasoro. Mpiga besi ashuke noti moja moja hadi chini kabisa na kuona ni ipi inayokimbia.

Pedali kuukuu zina mtego wa ziada. Chipu ya SAD1024 iliyotumika katika Electric Mistress za kwanza iliacha kutengenezwa na Reticon miongo kadhaa iliyopita, na za bandia zimejaa sokoni. Iliyokufa si rahisi kufufuliwa. Ndani pia mna vifundo vidogo vya kurekebishwa kwa bisibisi; mwenye nayo asiviguse bila fundi.

Umeme wa nyumbani

Pedali nyingi zinazonunuliwa huku huishia katika sanduku la ndugu anayerudi Mwanza, Mombasa au Bukavu. Marekani hutumia volti 120, Afrika Mashariki 230 hadi 240. Flanja ya awali ya MXR, M-117, ilikuwa na waya wake wa ukutani wa volti 120. Ikichomekwa Mombasa bila transfoma, itaungua. Toleo la baadaye la pedali hiyo, M117R, huhitaji volti 18 za umeme mnyoofu. Nyingi nyingine huhitaji 9, zikiwa na hasi katikati ya plagi, na adapta ya volti 18 ikiingizwa humo yaweza kuua chipu papo hapo.

Anayetuma nyumbani atafute pedali ya volti 9 na adapta iliyoandikwa 100-240V, inayokubali umeme wa pande zote mbili. Adapta za zamani nzito zilizoandikwa 120V peke yake zibaki Maryland. Kama pedali hutumia betri, itolewe kabla ya kufungashwa, kwa sababu huvuja. Na jukwaani waya wa gitaa uchomolewe wakati wa mapumziko: katika pedali nyingi za betri, waya ukiwa ndani, betri huendelea kuliwa hata kama taa imezimwa.