Pipa Moja, Sufuria Kumi

Nchini Marekani, sheria inataka wiski ya bourbon ikomazwe ndani ya vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa kwa moto. Pipa likishatumika mara moja, halina kazi tena kwa bourbon nyingine. Ndiyo maana Kentucky haikosi mapipa mazima yanayotafuta mnunuzi. Mengi huvuka bahari kwenda kukomaza wiski ya Scotland, mengine ramu ya Karibi, na machache huishia kwenye gereji za watu wanaojipikia bia nyumbani.

Hapo hesabu huanza kuwabana. Pipa hilo hubeba takribani lita 200, ilhali sufuria ya kawaida ya mpikaji wa nyumbani hutoa lita 19 hivi kwa mpiko mmoja. Akipika peke yake, bia ya kwanza itakaa miezi ikiingoja ya mwisho. Kwa hiyo huita wenzake, watu kumi hivi, kila mmoja na sufuria yake, wote wakifuata mapishi yale yale na hamira ile ile.

Kwa nini basi asinunue kipipa cha lita 20? Jibu limo kwenye jiometri, na kwangu ndilo jambo tamu kuliko yote katika kazi hii. Pipa likipungua ujazo mara kumi bila kubadilika umbo, eneo la mbao linaloigusa kila lita ya bia huongezeka zaidi ya mara mbili. Ladha ya ubao huingia kwa pupa, oksijeni nayo vivyo hivyo, kabla bia haijapata muda wa kutulia. Katika pipa kubwa mambo huenda polepole, miezi sita hata mwaka. Fizikia yenyewe inadai watu wengi.

Sheria ya Marekani ilichelewa kuwaruhusu wapikaji hawa wa nyumbani. Jimmy Carter alitia saini ruhusa ya bia ya nyumbani isiyouzwa mwaka 1978: lita 378 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 757 kwa yenye wawili au zaidi. Majimbo ya Alabama na Mississippi yalifuata mwaka 2013 tu.

Ubao wenyewe ni duka la kemikali. Moto huvunja lignini, kiunzi kinachoshikanisha nyuzi za mti, na kutoa vanilini, ile ile inayoipa vanila harufu yake. Hemiselulosi, sehemu nyingine ya ubao, hugeuka sukari iliyoungua. Mwaloni mweupe wa Marekani una pia laktoni zinazonukia nazi. Tena mbao zimefyonza bourbon kwa miaka, nayo hurudi taratibu ndani ya bia na kuipandisha kilevi, pengine kwa asilimia moja au mbili. Bia nyepesi ingemezwa na vishindo hivyo. Huchaguliwa bia nyeusi, nzito, ya kimea cha shayiri kilichokaangwa sana, kama ile ambayo kiwanda cha bia cha Goose Island cha Chicago kilianza kuikomaza hivyo miaka ya 1990.

Pipa huwekwa mahali pake likiwa tupu, kwani likijaa hupita kilo 250. Kisha kila ndoo ya bia iliyoletwa huonjwa, na hapa urafiki hupimwa. Ya mmoja ikinukia siki hukataliwa palepale, hata kama ni ya mwenye gereji, maana bakteria wa ndoo moja wataharibu jasho la wote.

Bakteria wa siki wanahitaji hewa, na bia hupungua kwa kuvukiza kupitia mbao. Basi huhifadhiwa bia ya akiba ya kujazia pengo, na kizibo hakifunguliwi ovyo. Kwa kuonja kuna mbinu inayohusishwa na Vinnie Cilurzo wa kiwanda cha Russian River, California: hutobolewa tundu la chini ya milimita 3 kwenye uso wa pipa, likazibwa kwa msumari usioshika kutu. Msumari ukivutwa kwa koleo, bia huchirizika hadi kwenye glasi. Ukirudishwa, mbao iliyolowa huubana.

Baada ya pipa kujazwa mara mbili hivi, bourbon huwa imekwisha ubaoni. Wengi hapo huingiza Brettanomyces, hamira iliyoelezwa na Niels Hjelte Claussen wa kiwanda cha bia cha Carlsberg mwaka 1904, ambayo hula sukari zilizoachwa na hamira ya kawaida. Uamuzi huo lazima uwe wa kikundi kizima: hamira hiyo hujichimbia ndani ya mbao kiasi kwamba hata maji ya moto hayaing'oi yote, na pipa halitaaminiwa tena kwa bia safi.