Deraya ya Mpira wa Ndala

Deraya nyingi za filamu za anga za juu hazina chuma hata kidogo. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipotoka mwaka 1977, askari wake weupe walikuwa wamevaa maganda ya plastiki iliyopashwa moto na kufyonzwa juu ya kiolezo mpaka ikashika umbo. Andrew Ainsworth, fundi Mwingereza aliyezifyatua kofia zao, baadaye alizitengeneza tena na kuziuza mwenyewe. Kampuni ya Lucasfilm ikamshtaki. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba kofia ile haikuwa sanamu, ilikuwa kifaa cha kutengenezea filamu. Wanasheria watabishana watakavyo, lakini kwa fundi uamuzi ule una mantiki: deraya ni kitu cha kufanyia kazi, na mwenye kuivaa anatembea, anakaa, anatoka jasho. Kwa anayeitengeneza Tanga, hilo la jasho ndilo la kufikiria kwanza.

Nyumbani huhitaji mashine ya kufyonza plastiki. Kinachotumika ni mpira mwepesi uitwao EVA, yaani ethilini iliyounganishwa na vinili aseteti kisha ikaumuliwa kwa vipovu vya gesi. Ndio ule wa mikeka ya watoto ya rangi rangi inayopachikana kwa meno, na ndio wa ndala nyingi nyepesi. Usiuchanganye na sponji la godoro. Vitundu vya sponji vimefunguka, hunywa maji na rangi, na ukilipasha moto halishiki umbo lolote. Vipovu vya EVA vimefungwa kila kimoja peke yake. Mpira huo ukipata joto hulegea, na ukiukunja ukaushikilia mpaka upoe, hubaki ulivyoukunja. Kazi nzima imesimama juu ya tabia hiyo moja.

Unapoununua, bonyeza kwa kidole gumba. Shimo likibaki, uache. Ule unaorudi haraka ndio wa kununua, hata kama bei imezidi kidogo. Mkeka wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa sentimita 1, ukiwa na msongamano wa kilo 100 kwa mita ya ujazo, una gramu 360 tu. Mikeka minane haifiki kilo tatu.

Kiolezo kinatoka mwilini. Mvalie mtu fulana ya zamani, mzungushie nailoni nyembamba ya kufungia chakula, kisha juu yake selotepu pana mpaka apate ganda lililombana. Chora mistari ya vipande kwa kalamu ya wino mzito, andika kulia na kushoto, weka alama za kukutanisha kingo, halafu kata kwa mikasi ukianzia mgongoni. Kipande kitakachokataa kulala bapa mezani kinakueleza kwamba hapo mwili una mviringo wa pande mbili. Chana pembetatu nyembamba, kama fundi cherehani anavyobana kiuno cha gauni, na kitalala.

Hapa wengi huharibu mpira mzuri. Kiolezo kinapima ngozi, lakini mpira una unene wake. Ukiuzungusha mkononi, upande wa ndani hujibana na wa nje hunyooka. Urefu usiobadilika ni ule wa katikati ya unene. Kwa hiyo ongeza unene mara 3.14. Mkono wenye mzingo wa sentimita 30 na mpira wa sentimita 1 unataka kipande cha sentimita 33 na ushee. Ukikata 30 kamili, kitakubana mpaka vidole viingie ganzi.

Kisu kiwe cha wembe wa kuvunja, na uvunje ncha kila inapoanza kukwaruza. EVA hutafuna makali upesi kuliko mtu anavyodhani, na wembe butu huacha kingo zenye manyoya ambazo hakuna rangi itakayozificha. Vipande viwili vinavyokutana kwa kona vikatwe mshazari, nyuzi 45 kila kimoja, ili vikutane kwa kona ya mraba.

Kwa joto, bloa ya mafundi simu inatosha ukiitoa mdomo wake mwembamba. Ipeleke na kuirudisha bila kuisimamisha. Uso wa mpira utaanza kung'aa kidogo: vipovu vya juu vimejifunga, na hiyo ndiyo ishara ya kukunja. Ukiendelea kupuliza, uso utavimba malengelenge na moshi wenye harufu kali utatoka. Moshi huo usiuvute. Fanya kazi uani, si chumbani.

Gundi ni ile ya njano ya kopo, ya mafundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo unakutanisha, na ukishakutanisha hakuna kurudi nyuma. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na hapo ndipo yanapotuangusha sisi wa pwani. Kiyeyusho cha gundi kinaporuka huchukua joto la uso wa mpira. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama ilivyo Tanga na Pangani wakati wa masika, uso uliopoa huvuta umande mwembamba, nao hulala juu ya gundi kama ukungu mweupe. Ukiunganisha hivyo, kingo zitashika leo na kuachia kesho kutwa. Gundisha saa za mchana, usigundishe alfajiri wala mvua ikinyesha, na kabla ya kukutanisha pitisha bloa kwa mbali mpaka ukungu utoweke. Tungi la gesi, jiko na sigara viwe mbali kabisa, maana mvuke wa gundi hiyo unawaka.

Mikanda ndiyo hukatika kwanza, na si mkanda wenyewe: mpira uliogundishiwa mkanda huchanika. Dawa yake tunayo hapa hapa. Mafundi wa dari za jipsamu huchanganya nyuzi za katani kwenye unga ili mkanda wa urembo usivunjike, na deraya inataka ujanja huo huo. Gundisha kipande cha gunia la katani upande wa ndani, kipana kama kiganja, kisha ushone mkanda kwenye gunia. Nyuzi zinabeba mvuto, mpira unabeba sura.

Kifua na tumbo visiwe kipande kimoja. Viache vipishane, kimoja kikiteleza chini ya kingine, la sivyo mvaaji hataweza kuinama wala kukaa kwenye kiti. Kwapani na nyuma ya magoti acha nguo tupu. Na kwa kuwa vipovu vilivyofungwa havipitishi joto wala jasho, deraya kamili mchana wa Februari pale Raskazone, Tanga, ni mateso. Toboa matundu mahali pasipoonekana, vaa pamba ndani, tia kofiani feni ndogo ya kompyuta inayovuta hewa ya ndani na kuitoa nje kwa juu. Mvaaji akianza kusikia kizunguzungu, kofia itoke hapo hapo, picha zitasubiri.

Gundi nyeupe ya mbao, ambayo wengi huipaka kuziba uso, siipendi kwa pwani. Ikipata jasho au mvua hugeuka maziwa na kubanduka. Afadhali tabaka nyembamba za rangi ya maji inayokunjika, na vanishi juu. Rangi ya magari ni ngumu, kiwikoni itapasuka siku ya kwanza. Kutu ya kuchora usiibuni kichwani. Nenda ukaitazame kwenye mabati, au kwenye korona, mitambo ya kuchakata majani katika mashamba ya katani njia ya Muheza. Chuma kinaanza kuliwa kwenye mkato na kwenye tundu la msumari, kisha wekundu unatiririka kwenda chini. Madoa yaliyotawanyika sawasawa kila upande yanamsaliti mchoraji.

Kwa sehemu nene, kama mabega na pembe za kofia, jirani zetu wametangulia. Nchini Kenya karakana ya Ocean Sole hugundisha ndala zilizookotwa ufukweni zikawa bonge, kisha huzichonga kwa kisu na kuzisugua kwa msasa mpaka zikawa tembo na twiga. Jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa Lamu Septemba 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019, lilifunikwa ndala zipatazo 30,000. Malighafi hiyo bahari inatuletea bure. Ioshe chumvi kwa maji baridi, iache ikauke kabisa, kisha ikunje mara mbili: ndala iliyopigwa jua muda mrefu hupasuka, nayo haifai. Ile inayorudi chonga bila wasiwasi, rangi yake ya ndani haijali ilivyochakaa nje.

Deraya ikikamilika usiifungie kwenye gari lililoegeshwa juani. Joto la ndani ya gari linatosha kulegeza gundi na kunyoosha mikunjo yote uliyoitolea jasho. Itundike kivulini, mabega yakiwa yamejazwa magazeti, na ndani uipanguse kwa kitambaa cha maji ya sabuni kila inapovuliwa.