Ushanga wa kuhesabia siku

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama, kupanga uzazi si kazi ya mama peke yake. Njia ya ushanga inahitaji watu wawili.

Ushanga una punje 32. Kila punje ni siku moja. Siku damu ya mwezi inapoanza, mama anaweka kipete cha mpira juu ya punje nyekundu. Kila asubuhi anakisogeza punje moja. Damu ikirudi, anaanza tena kwenye nyekundu. Punje za kahawia ni siku ambazo si rahisi kupata mimba. Punje nyeupe, tangu siku ya 8 mpaka ya 19, ni siku za mimba: mjizuie ao mtumie kapoti.

Kwa nini siku 12? Yai linaishi siku moja tu, lakini mbegu ya mume inaweza kuishi siku 5, na yai halitoki siku ileile kila mwezi.

Wakifuata vizuri mwaka mzima, karibu wanawake 5 kwa 100 wanapata mimba. Katika maisha ya kila siku, pamoja na wanaokosea, ni 12.

Njia hii inafaa mama mwenye mwezi wa siku 26 mpaka 32. Aliyejifungua karibuni ao anayenyonyesha aone kwanza muuguzi. Ushanga haukingi SIDA.

Bwana, unakagua taa yako mbele ya kushuka chini. Ukirudi kutoka posta ya usiku, muulize mke wako: kipete kiko wapi leo?